Sailensi ya Katumba: Historia ya Kutyuni Injini Kandokando ya Reli ya Mpanda

Reli inayopita Katumba ilijengwa kwa ajili ya risasi. Mwaka 1950 tawi la kilomita 210 lililochepuka kutoka Kaliua, kwenye Reli ya Kati, lilifika Mpanda likiyafuata madini ya kampuni ya Uruwira Minerals, na kwa miaka kama kumi mabehewa yalibeba mzigo wa risasi kuelekea bandari ya Dar es Salaam. Mgodi ukafungwa mwaka 1960, reli ikabaki, ikikata pori la miombo lenye watu wachache. Miaka kumi na mitatu baadaye serikali ilipotafuta mahali pa kuwaweka Warundi waliokimbia mauaji ya mwaka 1972, ililichagua pori hilohilo, na makazi ya Katumba yakaota kando ya reli iliyokuwa na kazi nyingine kabisa. Naanzia kwenye reli kwa sababu swali la gari chakavu linalotetemeka likiwa limesimama huulizwa siku hizi kana kwamba ni swali la spana tu. Huku halijawahi kuwa hivyo. Kabla fundi hajafungua boneti, ilikuwa imekwisha kuamuliwa na treni, na mvua, na vibali, na fedha za kigeni, kama plagi mpya ipo au haipo. Hoja yangu ni kwamba kazi inayoitwa kutyuni ilizaliwa kama mpangilio wa kutafuta ugonjwa, kuanzia kwenye kilicho karibu na kisicho na gharama hadi kwenye kilicho ndani na ghali. Mpangilio huo ulifika magharibi mwa Tanzania pamoja na mitambo ya kwanza, ukabanwa na uhaba hadi ukakomaa, kisha ukaanza kulegea pale vipuri vilipokuwa vingi. Kuupoteza kunawagharimu watu wa vijijini kuliko wa mjini.

Kwanza tuelewane juu ya jambo lenyewe. Mafundi wa Tanzania huita sailensi ile hali ya injini kuunguruma polepole yenyewe, mguu ukiwa umetoka kwenye mafuta. Gari zima, likishapata moto, hukaa kwenye mizunguko kama 600 hadi 800 kwa dakika, na aliye ndani husikia mlio mmoja uliotulia. Gari lenye kasoro hutikisa usukani, mlio hupanda na kushuka, au silinda moja huruka na fundi akasema linamisi. Watu wengi hustaajabu kuona gari hilohilo likiingia barabarani linatulia na kuvuta vizuri, wakaamua kwamba kasoro ni ndogo. Sababu yake ni rahisi. Kwenye sailensi mlango wa hewa umekaribia kufungwa kabisa. Hewa inayoingia ni kidogo sana na mvuto ndani ya manifoldi ni mkali. Bomba la mpira lenye ufa mwembamba kama unywele likiingiza hewa isiyopimwa, hewa hiyo ni sehemu kubwa ya pumzi yote ya injini. Ukikanyaga mafuta mlango unafunguka, hewa inakuwa nyingi, na ule ufa unamezwa. Ndivyo ilivyo pia kwa cheche dhaifu na kwa valvu isiyofunga sawasawa: mwendo huzificha, utulivu huzifichua. Kwa hiyo fundi wa zamani aliyesimama dakika nzima akisikiliza injini kabla ya kugusa chochote alikuwa tayari kazini, maana hakuna wakati mwingine ambapo injini husema ukweli kwa uwazi kama huo.

Mpangilio huo ulitoka wapi? Wapo wanaopenda kusema kwamba ufundi wetu wa magari ni wa kubuni tu, uliozaliwa chini ya mwembe. Ushahidi haukubaliani nao. Katika Vita vya Pili vya Dunia maelfu ya vijana wa Afrika Mashariki waliingizwa jeshini kama madereva na mafundi, na jeshi halifundishi kubahatisha. Hufundisha ukaguzi kwa zamu, kitu kwa kitu. Karakana za reli, na gereji za Wahindi na Makalasinga waliotia malori barabarani katika kila mji wa bara, zilifundisha kwa njia nyingine, ya kijana kukaa miaka kadhaa akiosha vyuma kabla ya kuruhusiwa kugusa kabureta. Upande huu wa magharibi kuna jambo la tatu ambalo wanahistoria wa mashine hawalipi uzito unaostahili. Mwaka 1947 Mpango wa Karanga wa serikali ya Uingereza ulianza, na moja ya maeneo yake matatu, pamoja na Kongwa na Nachingwea, lilikuwa Urambo, jirani kabisa na Kaliua inakoanzia reli ya Mpanda. Mpango ulikuja na matrekta mengi yaliyokwisha kutumika, mabaki ya vita, na sehemu kubwa ya yale ya mwanzo yaliharibika kabla hayajafyeka pori la maana. Mwaka 1951 serikali hiyo ikakubali kwamba umeshindwa. Kwa kilimo ilikuwa hasara kubwa. Kwa ufundi ilikuwa kitu kingine: ndani ya miaka minne hivi, eneo moja lilipata mgodi, ujenzi wa reli na mitambo chakavu iliyodai mikono ya watu kila siku. Tunapozungumza juu ya magari ya mtumba kana kwamba yaliletwa na miaka ya 1990, tunasahau kwamba chombo kilichochoka tayari kilikuwa mwalimu wa mwanzo wa magharibi yote.

Katumba ilifunguliwa mwaka 1973, mwaka uleule ambao vita vya Oktoba huko Mashariki ya Kati vilipandisha bei ya mafuta duniani kote. Shirika la Kikristo la kuhudumia wakimbizi, TCRS, lililoundwa mwaka 1964 chini ya Walutheri, lilisimamia ujenzi wa makazi kwa makubaliano na serikali na Umoja wa Mataifa. Kufungua barabara, kuchimba visima, kusambaza mbegu na chakula katika vijiji vilivyotawanyika porini hakufanyiki bila magari, na magari ya namna hiyo hufanya kazi mbaya kuliko zote: mwendo mdogo, mzigo mkubwa, kusimama mara kwa mara injini ikiwaka. Ni kazi ya sailensi hasa. Mwaka 1974 uingizaji wa magari nchini uliwekwa mikononi mwa shirika moja la umma, State Motor Corporation, na kuanzia hapo mnunuzi binafsi alisubiri zamu yake. Juu ya hayo yote wakazi wenyewe walikuwa wakimbizi kisheria, na mkimbizi hakutoka nje ya makazi bila kibali. Fikiria maana yake kwa kipuri kidogo. Kijana wa Tabora ambaye pointi zake zimeungua angeweza kuzunguka mji mzima akitafuta. Mtu wa Katumba alihitaji karatasi iliyogongwa muhuri kabla hajaanza hata kuuliza bei. Katika mazingira hayo, kukitambua kwa hakika kifaa kilichokufa kabla ya kukitafuta hakukuwa ustadi wa kujivunia. Ndiyo ilikuwa njia pekee yenye maana.

Inafaa kukaa kidogo kwenye pointi zenyewe, maana ndipo akili ya kazi hii inapoonekana. Mfumo wa cheche uliotawala magari ya petroli kwa zaidi ya nusu karne, tangu Charles Kettering wa Marekani auingize katika Cadillac mwanzoni mwa miaka ya 1910, ulitegemea vipande viwili vya chuma ndani ya distribyuta vinavyofunguka na kufunga. Kila vinapoachana, koili hutoa cheche. Nafasi kati yao, katika magari mengi, ni kama milimita 0.4. Ikizidi au ikipungua cheche hudhoofika, wakati wa kuwasha husogea, na sailensi huwa ya kwanza kuharibika. Kipimo chake ni vibamba vyembamba vya chuma ambavyo mafundi wengi hawakuwa navyo. Lakini wembe wa kawaida wa kunyolea una unene wa milimita 0.1, na nyembe nne zikipangwa pamoja ni 0.4 kamili. Njia hii ilijulikana kwa mafundi wa nchi nyingi. Anayeiona kuwa ujanja wa kimaskini hajaifikiria. Ili kutumia nyembe nne lazima ujue kwamba nafasi ina kipimo, kipimo ni kiasi gani, na kwa nini ni hicho. Aliyejua hayo alikuwa na elimu ileile ya mwenye vibamba. Kilichopungua kilikuwa kifaa. Baada ya pointi zilifuata kondensa, kifuniko cha distribyuta na rota, nyaya, kisha plagi. Silinda inayomisi ilitafutwa kwa kuchomoa waya mmoja mmoja injini ikiwaka: ukichomoa waya na mlio usibadilike, umempata mgonjwa, kwa sababu silinda hiyo haikuwa ikifanya kazi tangu mwanzo. Hakuna senti iliyotumika mpaka hapo.

Miaka iliyofuata ilikuwa migumu zaidi. Vita dhidi ya Idi Amin mwaka 1978 na 1979, na kupanda tena kwa bei ya mafuta, viliikausha hazina ya fedha za kigeni. Ni kipindi ambacho magari binafsi yalizuiwa barabarani Jumapili alasiri ili kuokoa petroli, na ambacho mashirika ya umma ya usafiri, KAMATA na UDA kati yao, yalikuwa na mabasi yaliyolala gereji kwa kukosa vipuri vidogo. Hapa napokea pingamizi la kwanza, nalo ni zito: je, si kuupamba uhaba kusema kwamba ulikomaza ufundi? Uhaba uliua magari. Ulifanya lori zima likatwe vipande ili mengine mawili yatembee. Uliwafundisha mafundi kufunga gasketi ya kadibodi, kupiga msasa plagi iliyokwisha kabisa, na kuzungusha skrubu ya sailensi juu ili mtetemo usisikike mbele ya mwenye gari, huku valvu ikizidi kuungua. Hayo yote ni kweli, na sidai kwamba uhaba ni mwalimu mwema. Ninachosema ni kwamba elimu ilikuwapo kabla yake, katika vitabu vya watengenezaji, jeshini na kwenye karakana, na uhaba uliipima. Pale elimu ilipokuwa nyembamba, ulizaa viraka. Pale ilipokuwa nene, ulizaa mtu ambaye hakuweza kumudu kukosea, na kwa hiyo alipima mara tatu. Skrubu ya sailensi ndiyo mpaka kati ya watu hao wawili. Wa kwanza huigusa kabla ya kitu kingine chochote. Wa pili huigusa mwisho, baada ya hewa, cheche, mafuta na tapeti kuwa sawa, kwa sababu anajua kwamba skrubu ile hurekebisha mlio bila kutibu kitu.

Tena kuna mambo ya mahali ambayo hakuna kitabu cha kutoka Coventry au Nagoya kingeyafundisha. Mpanda iko juu ya usawa wa bahari kwa kama mita 1,100, na kwa kimo hicho hewa ni nyepesi kuliko ya pwani kwa karibu sehemu moja ya kumi. Kabureta haijui kimo. Iliyopimwa Dar es Salaam ikafika hapa juu huendelea kumwaga petroli ileile kwa hewa pungufu, mchanganyiko ukawa mzito, plagi zikavaa masizi meusi, na gari lililokuwa limetulia Kurasini likaanza kumisi Katumba ilhali hakuna kilichoharibika. Fundi wa bara aliyelegeza mchanganyiko kidogo na kupunguza mafuta alikuwa akisahihisha jiografia. Vumbi la kiangazi likaongeza la kwake: eakilina iliyoziba huleta dalili zilezile za mchanganyiko mzito, na mtu asiyeikung'uta kwanza anaweza kuhangaika na kabureta siku nzima bila sababu. Rangi ya ncha ya plagi ndiyo iliyokuwa barua ya injini. Kahawia isiyokoza ni afya, nyeusi kavu ni mafuta mengi, nyeupe ni hewa nyingi au joto kupita kiasi, na nyeusi yenye unyevu wa oili ni ringi zilizochoka, jambo ambalo kutyuni hakuwezi kuliponya na mwenye gari anastahili kuambiwa mapema. Risasi nayo ilikuwa na sehemu yake. Petroli ya miaka ile ilitiwa mchanganyiko wa risasi ili injini isigonge, na mabaki yake yaligandamana kwenye plagi yakala cheche. Nchi za Afrika kusini mwa Sahara ziliiondoa petroli hiyo mwanzoni mwa mwaka 2006. Madini yaliyoleta reli hapa yaliwahi, kwa njia nyingine kabisa, kuwa adui wa kila siku wa mtu mwenye spana ya plagi.

Mabadiliko makubwa yalikuja kimya. Bajeti ya mwaka 1984 iliruhusu wenye fedha zao za kigeni kuingiza bidhaa bila kuulizwa walizipata wapi. Mwaka 1985 Ali Hassan Mwinyi akashika urais, na mwaka 1986 ukasainiwa mkataba na Shirika la Fedha la Kimataifa. Ndani ya muongo mmoja magari yaliyotumika Japani yakawa ndiyo magari ya Tanzania. Baadaye serikali iliongeza ushuru kwa yale yaliyozeeka sana, lakini mkondo haukukatika. Pamoja nayo likaja jambo ambalo Bosch ilikuwa imeliweka kwenye Volkswagen tangu mwaka 1967: mafuta kupulizwa kwa injekta kwa amri ya kompyuta. Pointi zikatoweka, kabureta ikafuata, na baada ya muda hata distribyuta, kila plagi ikapewa koili yake. Na yakaja maduka ya vipuri vilivyotumika, kuanzia Gerezani, Kariakoo, hadi kila makao makuu ya mkoa. Kwa mara ya kwanza ilikuwa rahisi kubadilisha kuliko kufikiri. Gari linatetemeka? Weka koili nyingine. Bado? Weka plagi. Bado? Lete throtoli, yaani mlango wa hewa, nzima, ikishindikana tubadilishe injini. Mwenye gari hulipa kila hatua, na mara nyingi kilichokuwa kibovu kinaondoka kwa bahati pamoja na vitu vitatu vizima. Mjini hasara hiyo huvumilika kidogo, kwa kuwa kipuri kisichofaa hurudishwa dukani jioni. Kwa mtu wa Katumba, ambaye kipuri kimemfuata kwa basi au treni kutoka mbali, kubahatisha mara tatu ni msimu mzima wa mahindi.

Pingamizi la pili hutoka kwa mafundi vijana, na nalipenda kwa kuwa linatoka kwa watu wanaofanya kazi: kwamba kutyuni kumekufa, kwa sababu hakuna kilichobaki cha kutyuni. Kompyuta hupanga mafuta, hupanga cheche, hupanga sailensi yenyewe, na hata kimo cha Mpanda hukisahihisha bila kuombwa. Chomeka mashine, soma namba ya kosa, badilisha. Nusu ya kwanza ya hoja ni sahihi. Nusu ya pili haifuati. Kompyuta haizuii masizi kujikusanya kwenye mdomo wa throtoli na kubana ile hewa ndogo ambayo sailensi inaitegemea. Haioni ufa wa bomba la vakyumu, huona tu kwamba hewa imezidi na kujaribu kufidia kwa mafuta. Haiwezi kukaza valvu wala kusafisha eakilina. Tena kwa kufidia huko huuficha ugonjwa, hata siku taa inapowaka namba inayosomwa hutaja matokeo na si chanzo. Mashine ikisema silinda ya tatu inamisi, fundi mwenye mpangilio huhamisha koili ya tatu kwenda ya nne. Kosa likihama pamoja na koili, koili ni mbovu. Likibaki mahali pake, koili haina hatia, naye huenda kwenye plagi, kisha injekta, kisha kompresheni. Hiyo ni akili ileile ya kuchomoa waya mmoja mmoja. Vifaa vimebadilika, lakini mpangilio ungali unafanya kazi mahali pale pale pa zamani: hewa, cheche, mafuta, mgandamizo, na cha bei ndogo kabla ya cha bei kubwa.

Ila mpangilio ni kitu kimoja na mazoea ni kingine, na hapa lazima niwe mkali kwa urithi wetu wenyewe. Zipo tabia za enzi ya kabureta zilizohamishiwa kwenye magari ya leo bila kuhojiwa, na mbaya kuliko zote ni kung'oa themostati. Katika lori la zamani lenye rejeta iliyojaa kutu, likipanda mlima na magunia juu, kuiondoa kulileta nafuu ya kweli, na usemi ukaenea kwamba themostati ni ya nchi za baridi. Kwenye injini ya kompyuta ni kosa. Sensa ya joto ikikuta maji hayajafika kiwango, kompyuta huamini injini bado ya baridi, huongeza mafuta na hupandisha sailensi kama ilivyopangiwa kwa asubuhi ya Hokkaido. Matokeo ni plagi nyeusi, petroli inayokwisha upesi, mlio usiotulia, na mtu anayebadilisha koili kwa ugonjwa uliosababishwa na gereji ya miaka mitano iliyopita. Mfano huu unaonyesha vizuri kwa nini historia ya kazi ina faida kwa mfanyakazi: anayejua desturi ilizaliwa kwa lori gani na kwa tatizo gani hataipeleka kwenye gari lisilo na tatizo hilo. Aliyeipokea kama sheria ataipeleka popote.

Mafuta nayo yana historia yake. Petroli vijijini ilifika kwa mapipa, kisha kwa madumu na chupa, na kila inapomiminwa huingia maji na uchafu. Kukaja pia kuchakachua, neno ambalo Watanzania wote walilijua vizuri pale mafuta ya taa, yaliyokuwa na kodi ndogo, yalipochanganywa kwenye dizeli na petroli. Mwaka 2010 mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, EWURA, ilianza kuweka vinasaba kwenye mafuta ili yanayochakachuliwa yagundulike, na bajeti ya mwaka 2011 ikapandisha kodi ya mafuta ya taa kuondoa faida ya udanganyifu. Kwa fundi, miaka ile ilivuruga ushahidi wote: plagi ilisema moja, kabureta nyingine, na kosa lilikuwa ndani ya tangi. Ndiyo maana katika mpangilio mzuri swali la gari lilijazwa mafuta mara ya mwisho wapi na lini huulizwa kabla spana haijaguswa. Halina gharama, na limeokoa injekta nyingi.

Pingamizi la tatu ni la mahali. Mtu anaweza kusema kwamba Katumba ni nchi ya baiskeli na bodaboda, na kuandika historia ya kutyuni magari huko ni kupanda mti jangwani. Najibu kwamba pikipiki ndiyo iliyouokoa ufundi huu. Tangu katikati ya miaka ya 2000 pikipiki za bei nafuu kutoka China na India, SanLG, Boxer na TVS, zimeingia hadi vijiji vya mwisho, na kwa miaka mingi karibu zote zimekuwa na kabureta. Skrubu ya sailensi iko pale, skrubu ya hewa iko pale, plagi ni moja na inafunguka kwa dakika mbili, tapeti hupimwa kwa vibamba vilevile. Kijana anayejifunza leo chini ya banda la bodaboda hukutana na kila swali ambalo babu yake angekutana nalo kwenye Land Rover, kwa kiwango kidogo na kila siku. Na kwa kuwa silinda ni moja, hakuna nyingine ya kuifichia kasoro. Anayejua kuisoma plagi ya Boxer amekwisha kujua kuisoma ya Toyota Noah. Kinachobaki ni kumfundisha koili na sensa. Kama vyuo vya ufundi vya VETA vingeanza na pikipiki na kupanda kwenda kwenye kompyuta, badala ya kuziweka kama fani mbili zisizojuana, vingekuwa vinafuata njia ambayo vijiji vimekwisha kuichonga.

Mazingira yenyewe yamegeuka. Mwaka 2010 Warundi 162,156 wa makazi ya zamani, Katumba, Mishamo na Ulyankulu, walikubaliwa kuwa raia wa Tanzania, na kuanzia mwaka 2014 vyeti vikagawiwa. Kibali cha kutoka kwenda kutafuta kipuri kikawa historia. Mkoa wa Katavi ulikwisha kuzaliwa mwaka 2012 kutoka Rukwa, na mwanzoni mwa miaka ya 2020 lami ya Tabora hadi Mpanda kupitia Koga ikakamilika. Magari yanayofika sasa mara nyingi ni Toyota ndogo zilizokwisha kutembea miaka kumi na zaidi Japani, zikaongeza mingine Dar es Salaam kabla ya kuuzwa bara, zikiwa zimepita mikononi mwa mafundi wasiofahamiana. Gari la namna hiyo likitetemeka kwenye sailensi, kazi ya nusu siku inatosha kuanza: kuuliza mafuta yalikotoka, kukung'uta au kubadilisha eakilina, kufuata kila bomba la vakyumu kwa vidole na masikio, kusafisha throtoli kwa dawa yake, kufungua plagi zote na kuzipanga mezani kwa namba za silinda, kuhamisha koili moja, kuangalia kama themostati ipo. Vyote hivyo vinahitaji spana ya kumi, spana ya plagi, bisibisi, kitambaa na kopo moja la dawa ya kusafishia. Duka la vipuri halijatajwa bado.